Je, Wajua? Harusi ya Kaaga Iliyogoma Kuonekana Marekani

Kaaga iko nje kidogo tu ya mji wa Meru, pale Wamethodisti walipojenga kanisa na shule, na ambapo leo kuna Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya. Jumamosi ya Agosti au Desemba ikipita bila honi za msafara wa harusi, jua mvua imezidi kiasi.

Binamu yangu alioa huko mwaka 2007. Mpiga video alikuja na kamera ya kaseti ndogo za MiniDV, akawafuata maharusi tangu alfajiri hadi keki ilipokatwa, na baada ya wiki sita akatoa diski tatu za DVD. Moja ilibaki kwa shangazi, moja ikaenda kwa wakwe, ya tatu ikasafiri hadi Minnesota kwa dada ya bwana harusi, ambaye alinyimwa likizo. Alipoitia kwenye deki yake, picha ikawa nyeusi na nyeupe, ikapanda juu ya kioo kama pazia linalovutwa, ikakatika. Akapiga simu usiku wa manane wa kwetu. Shangazi akaitia yake: inacheza safi. Kulipokucha alikuwa mlangoni pa fundi huyo wa video, Makutano.

“Mwanangu, mimi umenipa diski nzima na binti yangu ukampa takataka?”

“La, mama. Zote tatu nilizichoma siku moja. Yuko nchi gani?”

“Marekani.”

“Basi diski haina kosa. Hii ni PAL. Kule ni NTSC.”

Shangazi ni mwalimu mstaafu na hapendi kujibiwa kwa herufi. Kazi ya kuuliza herufi zenyewe zina maana gani ikaniangukia mimi. Yafuatayo ndiyo niliyookota tangu siku hiyo.

Je, wajua kwamba ugomvi huu ulianzia kwenye soketi ya umeme?

Umeme wa nyumbani huenda na kurudi. Kenya hufanya hivyo mara 50 kwa sekunde; Marekani, mara 60. Mitambo ya Mto Tana kusini mwa Embu, yaani Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988), inatofautiana kwa ukubwa na umri, lakini yote imefungwa kwenye mwendo huo mmoja wa 50, kama kwaya inayofuata mkono wa mwalimu wake.

Runinga za mwanzo, zenye mirija ya kioo badala ya chipu, hazikuweza kuuzuia vizuri mvumo wa umeme usiingie kwenye picha. Uliingia kama ukanda hafifu wa kivuli. Picha ikibadilika kwa mwendo uleule wa umeme, ukanda husimama mahali pamoja na jicho hulizoea doa hilo. Miendo miwili ikipishana, ukanda hutambaa juu na chini usiku kucha, na mtazamaji huumwa kichwa. Basi kila bara likapanga televisheni yake kwa mdundo wa umeme wake: nchi za 60 zikachora picha 30 kamili kwa sekunde, nchi za 50 zikachora 25.

Japani inaharibu utaratibu huu kwa namna ya kuchekesha. Tokyo hutumia umeme wa 50 na Osaka wa 60, ilhali nchi nzima ilitazama televisheni ya mfumo mmoja, NTSC. Kwa hiyo umeme ulikuwa sababu ya kuanza. Haukuwa sheria ya Musa.

Je, wajua kwamba hukuwahi kutazama picha nzima?

Picha 25 kwa sekunde ni chache; kioo kingepepesa kama taa ya kibatari kwenye upepo. Dawa ilikuwa kuigawa kila fremu mara mbili. Kwanza huchorwa mstari wa 1, wa 3, wa 5 hadi chini. Kisha mshale wa mwanga hurudi juu na kuchora wa 2, wa 4, wa 6. Nusu mbili husukana kama kili za mkeka, na jicho hudhani limeona mara 50. Nusu hizo zina umuhimu mkubwa katika kisa cha shangazi, kwa sababu hazikupigwa kwa wakati mmoja. Ya pili imechelewa kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, na ndani ya muda huo mkono unaopunga umeshahama.

Ili ususi huu ukae sawa, jumla ya mistari ilipaswa kuwa namba witiri. Marekani ilichagua 525 mwaka 1941, kupitia kamati iliyoitwa National Television System Committee. Herufi zake za kwanza ndizo NTSC. Ulaya baadaye ikatulia kwenye 625. Namba hizo hazikuokotwa hovyo: 525 ni 3 mara 5 mara 5 mara 7, na 625 ni 5 mara 5 mara 5 mara 5. Saketi za enzi hizo ziligawanya masafa kwa namba ndogo ndogo tu, hatua kwa hatua, hivyo namba kubwa ilibidi izaliwe na ndogo.

Je, wajua kwamba Marekani haina picha 30 kwa sekunde bali 29.97?

Ilikuwa 30 kamili hadi Desemba 1953, serikali yao ilipoidhinisha rangi. Sharti lilikuwa kwamba aliyenunua runinga ya nyeusi na nyeupe asiachwe nyuma: mawimbi mapya ya rangi yapite ndani ya njia ileile ya zamani bila kumsumbua. Wimbi la rangi lilipopenyezwa humo likaanza kugongana na wimbi la sauti, na kioo kikajaa vitone vinavyotembea. Wahandisi hawakutaka kuisogeza sauti, wakachagua kuipunguza kasi ya picha kwa sehemu moja tu katika elfu. Vitone vikafifia.

Watu wa kuhariri video wanalipia deni hilo mpaka leo. Ukihesabu fremu kana kwamba ni 30, kila saa moja saa yako hupotoka kwa sekunde 3.6, sawa na fremu 108. Ndiyo maana kuna mtindo wa kuhesabu unaoruka namba mbili mwanzoni mwa kila dakika, isipokuwa kila dakika ya kumi. Hakuna picha inayotupwa; ni namba tu zinazorukwa. Mtu wa Meru anayefanya kazi na 25 hajawahi kuyajua mateso hayo.

Je, wajua kwamba aliyebuni PAL aliona jina lake halifai?

Rangi ya NTSC ilikuwa na udhaifu: ikipita kwenye milima au nyaya mbovu, uso wa mtu uligeuka wa kijani au wa zambarau, na runinga za Marekani zilikuwa na kitufe maalumu cha kurudisha watu kwenye ngozi zao. Mafundi walitania kwamba NTSC ina maana rangi moja haionekani mara mbili.

Walter Bruch, mhandisi wa kampuni ya Telefunken huko Hannover, aliuonyesha mfumo wake kwa wataalamu wa Ulaya mwanzoni mwa Januari 1963. Wazo lake ni rahisi kulieleza: sehemu moja ya rangi hupinduliwa kila mstari wa pili. Kosa likiusukuma mstari huu upande wa kijani, litausukuma unaofuata upande wa zambarau. Ukichanganya miwili, makosa hufutana. PAL ni kifupi cha maneno yanayoeleza kupinduka huko. Bruch alipoulizwa kwa nini hakuupa jina lake mwenyewe, alijibu kwa mzaha kwamba hakuna atakayenunua kitu kinachoitwa Mfumo wa Bruch: kwa Kijerumani neno hilo lina maana ya kuvunjika.

Ujerumani Magharibi ilizindua rangi tarehe 25 Agosti 1967. Willy Brandt alisimama mbele ya kamera Berlin kubonyeza kitufe kikubwa chekundu, ambacho hakikuunganishwa na kitu chochote. Fundi aliyekuwa nyuma ya pazia akawahi kidogo, rangi ikaingia kabla kidole hakijafika.

Je, wajua kwamba Zanzibar ilitangulia?

Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, lakini rangi ilikuja 1978. Zanzibar ilianza na rangi moja kwa moja mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla hata Afrika Kusini haijafungua televisheni yake ya taifa mwaka 1976. Tanzania Bara ilikaa bila kituo chochote hadi 1994. Zote zilichukua PAL. Kongo ilifuata SECAM ya Wafaransa, mfumo wa tatu, wenye fremu 25 kama PAL lakini rangi ya namna nyingine. Runinga ya PAL tupu iliyovushwa kwenda Bukavu ingeonyesha matangazo ya huko kwa nyeusi na nyeupe.

Tazama sasa sinema na tamthilia tulizokulia. Za Kihindi: PAL. Za Hong Kong: PAL. Za Nigeria: PAL. Za Meksiko na Ufilipino, zilizowafungia akina mama sebuleni kila jioni: NTSC, na zilibidi zigeuzwe kabla ya kurushwa. Brazil ilijipikia mchanganyiko wake yenyewe, rangi ya PAL juu ya mistari 525, ambao sijasikia nchi jirani ikiuomba.

Je, wajua kwamba ushindi wa Keino ulipita kwenye mashine ya kugeuza?

Olimpiki ya 1968 ilifanyika Jiji la Meksiko, nchi ya NTSC. Ulaya ilitaka kuiona kwa rangi, moja kwa moja, kwenye mistari 625. Kabla ya hapo njia iliyozoeleka ya kugeuza ilikuwa ya kienyeji: unaweka runinga ya mfumo huu, unailenga kwa kamera ya mfumo ule. BBC ikatengeneza mashine ya kielektroniki iliyozichelewesha nusu-fremu kwa kuzipitisha kama mitetemo ndani ya vipande vya kwatzi, kisha ikazitoa kwa mwendo mpya. Ilikuwa kubwa mno, na ilifanya kazi.

Kwa hiyo Waingereza walipomwona Kipchoge Keino akimwacha Jim Ryun kwenye mita 1,500, kila hatua yake ilikuwa imepimwa upya kutoka mdundo wa 60 hadi wa 50. Naftali Temu na Amos Biwott, dhahabu nyingine mbili za Kenya, walipita mlango huohuo. Wakenya wenyewe hawakuyaona hayo moja kwa moja. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa 1970.

Je, wajua kwamba ndani ya DVD hakuna PAL wala NTSC?

Hapa ndipo nilipomshangaza fundi wa Makutano, naye akanishangaza baadaye.

PAL na NTSC ni namna za kubeba rangi kwenye mawimbi. Diski haina mawimbi, ina namba. Rangi kwenye DVD huandikwa kwa njia moja dunia nzima. Maneno hayo mawili juu ya jalada ni lakabu za vipimo tu. DVD ya “PAL” ina picha yenye upana wa vitone 720 na kimo cha mistari 576, fremu 25 kwa sekunde. Ya “NTSC” ni 720 kwa 480, fremu 29.97. Rangi halisi ya PAL au NTSC hutengenezwa na deki yenyewe, dakika ya mwisho, inapozimwaga namba kwenye waya wa runinga.

Chukua kikokotoo. Zidisha 720 kwa 576 kwa 25. Utapata 10,368,000. Sasa 720 kwa 480 kwa 30: 10,368,000. Ni ileile! Sisi tuna mistari mingi na fremu chache, wao wana fremu nyingi na mistari michache, na kwenye mizani vitone vya sekunde moja ni sawasawa. Tofauti ya 30 na 29.97 tuisamehe. Ulingano huu ndio uliowezesha mataifa kukubaliana, mwaka 1982, juu ya kipimo kimoja cha kuigeuza televisheni kuwa namba. Kwa hiyo anayekuambia PAL ni bora kwa sababu ina mistari 96 zaidi amekusomea ukurasa mmoja wa daftari.

Lakini kwa nini diski ya shangazi iligoma Minnesota, ilhali diski za Marekani zinacheza Meru? Deki na runinga zilizouzwa huku, nyingi zikitoka China, zilitengenezwa kwa kupokea chochote. Muuzaji wa huku alijua mteja wake ataletewa diski kutoka kila pembe. Marekani ilikuwa soko kubwa linalojitosheleza. Viwanda havikuona faida ya kuongeza uwezo ambao mteja wa kawaida hatauhitaji maishani. Mwenye nguvu ndiye aliyekuwa na deki isiyoelewa lugha ya pili.

Je, wajua kwamba kugeuza harusi ni kuwabuni watu wasiokuwepo?

Fundi alikubali kutoa diski nyingine, iliyogeuzwa, kwa malipo. Kazi inaonekana ndogo: toa 25, weka 29.97. Hesabu yake ni kwamba kila nusu-fremu tano lazima zizae ya sita. Itatoka wapi, na kamera haikuipiga?

Njia ya kwanza ni kurudia. Unaichukua ya tano, unaichora mara mbili. Mtu aliyekaa haonyeshi tofauti. Akina mama wanapoingia wakicheza, wanapata kigugumizi cha miguu: hatua, hatua, kidogo wanaganda, hatua.

Ya pili ni kuchanganya: unaiyeyusha fremu hii ndani ya inayofuata kupata ya katikati. Kigugumizi kinaisha, mizimu inaanza. Kila kitu kinachosogea huwa na pacha wake hafifu nyuma. Programu za bei nafuu za miaka hiyo zilipenda njia hii, na ndiyo fundi aliyoitumia. Binamu wa Minnesota alisema mama yake alionekana akicheza na roho yake mwenyewe.

Ya tatu ina ujanja ninaoupenda kuliko zote. Usizalishe fremu, punguza mwendo. Fremu 25 zichezwe kama 23.976, mwendo ambao deki za Marekani zimeuzoea kwa sababu ya sinema, kisha deki yenyewe izigawanye kufikia 60. Kila fremu inabaki kama ilivyopigwa. Gharama ni muda: harusi ya saa mbili inakuwa saa mbili na dakika tano. Na sauti, usipoirekebisha, inashuka: kwaya iliyoanzia do ya juu inatua karibu na te. Mwalimu wa kwaya wa Kaaga angeligundua jambo hilo kabla ya ubeti wa kwanza kwisha. Wageni waliokula wakashiba, labda hapana.

Ya nne ni ya kompyuta yenye subira. Programu inatazama kila kipande cha picha, inauliza kimetoka wapi na kinakwenda wapi, kisha inachora pale ambapo kingekuwa katikati ya safari. Ikifaulu, huwezi kuamini. Mikono miwili inapopishana, au shela inapopita mbele ya uso, inababaika na kuchora kitu kama nyama iliyoyeyuka.

Bado kuna mistari. Kushuka kutoka 576 hadi 480 si kukata juu na chini, maana utamkata bwana harusi kichwa. Ni kuichora upya picha yote, na kabla ya kufanya hivyo sharti uzifumue zile nusu mbili za mkeka. Ukiisinyaza ikiwa imesukwa, mstari wa sasa unachanganyika na mstari wa sehemu moja ya hamsini ya sekunde iliyopita, na hakuna programu itakayoitenganisha tena. Kosa jingine la kawaida ni kuzibadilisha nusu: ya pili ikatangulia ya kwanza. Picha iliyotulia haikushtaki. Gari la maharusi linapotembea, linakwenda mbele, linarudi, linakwenda mbele, mara nyingi kwa sekunde, mpaka tumbo likusokote.

Nilitaja kwamba fundi alinishangaza. Diski ya mizimu ilipokwisha kutumwa na kulalamikiwa, alimpigia simu binamu mwenyewe, kwa gharama yake, akamuuliza: “Dada, huko kwako hakuna kompyuta?” Ilikuwepo. Akamwambia aitie ile diski ya kwanza, ya PAL, kwenye kompyuta ndogo ya mezani. Ikacheza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwaruza. Kompyuta haijali ni fremu ngapi kwa sekunde wala mistari mingapi. Inasoma namba na kuzichora kwenye kioo chake. Diski iliyogoma haikuhitaji kugeuzwa kamwe. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuwaambia watu wasigeuze kitu chochote mpaka wawe wamekijaribu kwenye kompyuta, na wakigeuza, wasiitupe asili. Ushauri huu hunifanya nisialikwe kwenye vikao vya kamati za harusi.

Je, wajua kwamba sinema nyingi ulizitazama zikikimbia?

Sinema hupigwa fremu 24 kwa sekunde. Katika nchi za PAL, kwa miaka mingi, ilichezwa tu kwa 25 na mambo yakaisha. Filamu ya saa mbili ikamalizika kwa dakika 115 na sekunde 12, na kila muigizaji akaongea juu kidogo ya sauti yake. Marekani, ambako 24 na 30 ziko mbali mno, fremu moja huonyeshwa kwa nusu-fremu mbili, inayofuata kwa tatu, mbili, tatu. Muda unabaki sahihi, mwendo unachechemea. Ukizoea kimoja, kingine hukukera. Ndugu waliokulia mabara tofauti wanaweza kuligombania jambo hili bila hata kujua wanagombania nini.

Je, wajua kwamba Kenya na Urusi ziliwekwa chumba kimoja?

Zaidi ya PAL na NTSC kulikuwa na kufuli la kanda, lililowekwa na kampuni za filamu. Marekani na Kanada ni kanda ya 1. Ulaya Magharibi, Japani, Oman na Ghuba yote, pamoja na Afrika Kusini, ni ya 2. Kenya, Tanzania, Uganda, India na Urusi ni ya 5. Diski iliyonunuliwa London inalingana nasi kwa PAL lakini inakataa kwa kanda. Diski uliyoichoma mwenyewe haina kanda, harusi haifungwi. Na mafundi wa River Road, Nairobi, walijua namba za siri za kubonyeza kwenye rimoti ili deki isahau kanda zote.

Je, wajua kwamba taa za ukumbi huijua kamera ya mgeni?

Kwenye harusi ileile mjomba mmoja aliyekuja kutoka Texas alipiga kwa kamera yake mwenyewe. Nje, kanisani, picha safi. Ndani ya ukumbi wenye taa za mirija, ukuta mzima ulipepesa. Taa hizo kwa umeme wetu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kamera yake ilifungua jicho karibu mara 60. Kila lilipofunguka lilikuta taa kwenye hali tofauti: ikiwaka, ikififia, katikati. Dawa yake ni kuweka muda wa jicho kuwa sehemu moja ya mia ya sekunde, ili kila fremu ichukue pumzi moja kamili ya taa. Hakuna aliyemwambia.

Je, wajua kwamba PAL imekufa na bado iko kwenye simu yako?

Marekani ilizima mawimbi ya zamani ya vituo vikubwa Juni 2009. Dar es Salaam ilianza kuzima mwisho wa Desemba 2012. Kenya ilizima mwanzoni mwa 2015, kukiwa na mvutano uliowaacha watazamaji bila vituo vikubwa vya binafsi kwa wiki kadhaa. Tangu mwaka huo hakuna rangi ya PAL inayorushwa hewani Meru. Televisheni ya kidijitali hata hivyo iliendelea na 25 na 50, kwa kurithi.

Simu hazikurithi. Zinazouzwa Meru hupiga 30 au 60 zisipoambiwa vingine, kama kamera ya mjomba wa Texas. Ndiyo maana nyingi zina chaguo la kuzuia mpepeso wa taa, 50 au 60, ambalo watu hulipita bila kulisoma. iPhone ina swichi, ndani kabisa kwenye mipangilio ya kamera, inayosema ionyeshe miundo ya PAL. Ukiiwasha unapata fremu 25. Jina la Telefunken la 1963 limehamia mfukoni, bila rangi yake. Na video ya mafuriko unayoituma kwenye kituo cha runinga Nairobi hugeuzwa kutoka 30 kwenda 25, safari ileile ya shangazi, kwa mwelekeo wa kurudi. Ukiona kwenye taarifa ya saa moja gari linatembea kwa kigugumizi, umeshajua ni njia ipi kati ya nne iliyotumika.

Diski za kuchoma zina rangi ya kemikali inayochakaa, kwa hiyo mwaka jana niliihamisha harusi ya 2007 kwenda kwenye simu ya shangazi kabla haijafutika. Nilikuwa na haraka, sikuifumua. Aliitazama akiwa amevaa miwani, kimya, mpaka bibi harusi alipopunga mkono akitoka kanisani. Akasimamisha picha.

“Mbona mkono wake una meno kama kitana?”

“Hizo ni nusu mbili, shangazi. Mstari mmoja ni mkono ulipokuwa, mstari wa pili ni mkono ulipofika.”

Akausogeza kioo karibu.

“Kumbe alikuwa anapunga kwa haraka hivyo,” akasema, akabonyeza iendelee.